Mtoto Amelala: Kisa cha Mwanafunzi wa Kiitaliano Aliyekwama Mwaka wa Tatu

Mwanafunzi ninayemweleza hapa alianza chuo bila kujua neno hata moja la Kiitaliano. Miaka miwili ya kwanza alikuwa juu ya wenzake karibu katika kila mtihani wa kuandika. Mwaka wa tatu, katika mtihani wa kuzungumza wa ngazi ya B2, alinyamaza kwenye swali la kwanza kabisa, akashindwa. Nilimfundisha mwaka wa pili na wa tatu, na siku hiyo nilikuwa nimeketi kando ya mtahini. Simtaji jina, wala chuo sikitaji. Ninachotaka kueleza ni sababu ya kukwama kwake, maana sababu tuliyoidhania kwanza haikuwa yenyewe, na naamini wengi wenye Kiswahili wanaosoma Kiitaliano hukwama palepale.

Kwanza ngazi zenyewe. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa kupima ujuzi wa lugha wenye ngazi sita: A1 na A2 za anayeanza, B1 na B2 za mtumiaji anayejitegemea, C1 na C2 za aliyebobea. Mitihani ya Kiitaliano inayotambulika, kama CILS ya Siena, CELI ya Perugia na PLIDA ya Chama cha Dante Alighieri, hufuata ngazi hizo. Kwetu mwaka wa kwanza ulikuwa wa A1 na A2, wa pili B1, wa tatu B2, na wa nne C1. Kwenye karatasi zinaonekana kama vidato vya ngazi vilivyolingana kimo. Havilingani. Kutoka A1 hadi B1 mtu anaweza kupanda kwa kukariri na kutafsiri. Kutoka B1 hadi B2 hawezi, kwa sababu mtu anayezungumza naye hamsubiri atafsiri.

Siku ya mtihani

Mtahini alimpa picha. Ilikuwa picha ya chumba: mwanamke amekaa kitini, mtoto amelala kwenye kochi, mzee amesimama mlangoni, amevaa kofia. Kazi ilikuwa kuieleza tu. Akaanza bila kusita, kwa sauti nzuri:

«La donna si è seduta. Il bambino ha dormito. Il vecchio si è alzato e si è messo il cappello.»

Kisarufi hakuna kosa hata moja hapo. Kitenzi kisaidizi ni sahihi, na seduta imepatana na mwanamke. Lakini alichokisema ni hiki: mwanamke aliketi, mtoto alilala usingizi ukaisha, mzee akanyanyuka akajivika kofia. Ameeleza mfululizo wa matukio yaliyopita, ilhali picha haina tukio lolote.

Mtahini akamuuliza kwa upole: «E adesso il bambino è sveglio?» Je, sasa mtoto yuko macho?

Mwanafunzi akaitazama tena picha. Mtoto alikuwa amefumba macho. Akajibu: «No, ha dormito.»

«Ha dormito, quindi adesso è sveglio», mtahini akasema. Alilala, basi sasa yuko macho.

Hapo ndipo aliponyamaza. Nilimwona akitafuta kosa ndani ya sentensi yake na kulikosa, kwa sababu kwa kanuni alizofundishwa kosa halikuwapo. Dakika zilizobaki alijibu kwa neno mojamoja.

Maelezo yetu ya kwanza

Katika kikao cha walimu tulisema ana woga. Tukaongeza kwamba msamiati wake mdogo, kwamba hasikilizi Kiitaliano cha kutosha nje ya darasa. Tukampa mazoezi zaidi ya kunyambua vitenzi. Nami nilikubali, na naijutia ridhaa ile, kwa sababu kunyambua vitenzi ndilo jambo ambalo yeye alikuwa akilifanya vizuri kuliko darasa zima. Ni kama kumpa mtu miwani kwa sababu hasikii.

Wiki mbili baadaye alikuja na daftari lake la mwaka wa kwanza. Ukurasa wa ndani wa jalada alikuwa amechora jedwali lake mwenyewe. Upande wa kushoto: -na-, -me-, -li-, -ta-. Upande wa kulia, mbele ya kila kimoja: presente, passato prossimo, imperfetto, futuro, yaani wakati uliopo, uliopita uliokamilika, uliopita wa tendo lililokuwa likiendelea, na ujao. 

«Mwalimu,» akasema, «mimi nimefuata hili siku zote. Amelala ni -me-. Nimekosea wapi?»

Chini ya jedwali hilo kulikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Niliiweka mimi, mwaka wa pili, nilipokuwa nikipitia madaftari. Nililiona jedwali limepangwa vizuri nikaridhika.

Jedwali lilipodanganya

Tuanze na -me-, maana ndiko uliko uzito wa kisa hiki. Kiambishi hiki kina kazi mbili katika Kiswahili, nasi tuliozaliwa nacho hatuzihisi kuwa mbili. Tukisema amekula, kazi imekamilika, na Kiitaliano husema ha mangiato. Hapo jedwali liko sawa. Lakini tukisema amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, hatuelezi kazi iliyokwisha. Tunaeleza hali ambayo mtu yumo wakati huu tunapozungumza. Kiitaliano hakitumii wakati uliopita hapo hata kidogo. Amelala ni dorme. Amekaa ni è seduto, na kama ni mwanamke è seduta. Amesimama ni è in piedi. Amevaa kofia ni porta il cappello. Amechoka ni è stanco. Tofauti kati ya è seduta na si è seduta ni kasilabi kamoja, si, na kasilabi hako ndiko kanakogeuza mwanamke aliyetulia kitini kuwa mwanamke anayeonekana akiketi.

Picha ya mtihani, basi, ilikuwa imejaa vitenzi vya aina hiyo hiyo. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kiswahili asingeikuta kuwa mtego. Kwa mwanafunzi wetu ilikuwa mtego mtupu, na hakuna ukurasa wowote wa kitabu chetu uliomwonya.

Kisha -li-. Hapa alikuwa amepotea kwa njia ya kueleweka kabisa. Sentensi za kwanza za wakati uliopita alizojifunza zilikuwa na kitenzi kuwa: nyumba ilikuwa kubwa, la casa era grande, nilikuwa mdogo, ero piccolo. Kweli, hapo -li- na imperfetto vinakutana. Akahitimisha kwamba vinakutana kila mahali, akawa anaandika Ieri andavo in biblioteca akitaka kusema jana nilikwenda maktaba. Msomaji wa Kiitaliano husoma hilo akabaki anangoja: ulikuwa ukienda maktaba, halafu kukatokea nini? Nilikwenda, tendo moja lililoisha, ni sono andato, au sono andata akisema mwanamke. Imperfetto inalingana na kitu kingine ambacho Kiswahili tunacho wazi kabisa: nilikuwa nikisoma. Sentensi moja tu ilitosha kumfungua macho. Nilimwandikia: Nilikuwa nikisoma alipoingia. Chini yake: Leggevo quando è entrato. Akaiangalia muda mrefu. Tofauti ambayo vitabu huitolea sura nzima zenye michoro ya mistari na nukta, yeye alikuwa akiitumia tangu utotoni kila anaposimulia jambo. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo ileile.

Jambo la tatu halikuwamo kwenye jedwali lakini lilikuwa limejaa kwenye insha zake. Tunasema ningekuwa na muda, ningesoma, -nge- pande zote mbili. Naye akaandika Se avrei tempo, leggerei, condizionale, umbo la masharti, pande zote mbili. Kiitaliano kinataka maumbo mawili: congiuntivo, umbo la matakwa na dhana, baada ya se (kama), condizionale upande wa pili: Se avessi tempo, leggerei. Nilimwambia asione haya, kwa kuwa se avrei ni kosa ambalo watoto wa Kiitaliano wenyewe husahihishwa shuleni miaka nenda miaka rudi. Ila wao na yeye hawakulifikia kwa njia moja, na ukitaka kumtoa mtu mahali lazima ujue aliingilia mlango gani.

Congiuntivo yenyewe inastahili neno la ziada, kwa sababu ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Nusu yake tunayo. Nataka aje: umbo lile la -e mwishoni, linalotumika kwa kutaka, kuomba, kushauri. Voglio che venga. Mwanafunzi wetu hakukosea hata mara moja baada ya voglio che, nami kwa muda mrefu sikujua kwa nini. Alikosea baada ya penso che na credo che, kwa sababu kwetu nadhani haidai umbo hilo: twasema nadhani anakuja, si nadhani aje. Kiitaliano sanifu kinadai: penso che venga. Mgawanyo ni huo tu, matakwa yanafanana, maoni hayafanani, na ukiuona hivyo hofu nusu inaondoka.

Kitabu kiliandikiwa mtu mwingine

Tulipofika hapo nilichukua kitabu chetu cha kiada nikakisoma upya kama vile sijawahi kukiona. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaozungumza Kiingereza. Hakuna ubaya katika hilo, watu hao nao wanahitaji kitabu. Lakini kilikuwa kikionya kwa herufi nzito kuhusu mambo ambayo Mswahili hayamshangazi, na kunyamaza kimya pale anapoanguka.

Kwa mfano, kinatumia kurasa nyingi kueleza kwamba kiwakilishi cha yambwa hutangulia kitenzi: lo vedo. Kwa mtu wa Kiingereza hilo ni geni. Kwetu? Ninakiona. Kile -ki- kimekaa mbele ya mzizi, palepale Kiitaliano kinapokiweka chake. Vivyo hivyo neno dogo ne, linalosumbua wanafunzi wengi. Una vitabu vingapi? Ninavyo vitatu. Quanti libri hai? Ne ho tre. Lile -vyo linafanya kazi ya ne. Na c'è, ci sono, vina jamaa zao katika kuna, yupo, zimo. Upatanisho nao, nomino kuburuta nyuma yake vivumishi vyake vyote, si jambo la kumfundisha mtu aliyekua akisema vitabu vyangu vipya vyote. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba ngeli zimepungua zikabaki mbili, na kwamba sasa jinsia ya mtu ina uzito: yeye wetu mmoja anakuwa lui na lei, na -m- ya nimempa inagawanyika kuwa gli na le.

Kisha kuna io. Kitabu kinaanza kila jedwali la vitenzi na io, tu, lui, nacho kinarudia hivyo hadi mwisho. Mwanafunzi wetu alikuwa akizungumza kwa kurudia io, io, io kila sentensi, na watahini waliandika kwamba lugha yake «haina mtiririko». Nilimuuliza: «Ukisema mimi naona badala ya naona, kuna tofauti gani?» Akajibu papo hapo kwamba ya kwanza ina msisitizo, kama mtu anayebishana. Nikamwambia na Kiitaliano ni hivyohivyo. Kuanzia siku hiyo io ikatoweka. Kosa la miaka mitatu liliondoka kwa swali moja, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Sauti

Matamshi yalikuwa mchanganyiko wa zawadi na shida. Gn ni ny yetu, hakuna cha kujifunza. Silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo wazungumzaji wa Kiswahili huanza vizuri kuliko wengi. Mtego wa kwanza ni ch, ambayo kwa Kiitaliano husomwa k: chiesa ni kiesa, na kinyume chake ciao ndiyo yenye ch yetu. Hilo hurekebika ndani ya mwezi.

Lisilorekebika haraka ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubaguzi. Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi kiasi cha kukulaza usingizi, kisha kinakuacha: telèfono, tàvolo, fàcile, na hasa vitenzi vya wingi, àbitano, pàrlano, wao wanaishi, wao wanazungumza. Mwanafunzi wetu alisema abitàno kwa miaka mitatu. Alama hizi za mkazo nimeziweka mimi hapa; katika maandishi ya kawaida haziandikwi, kwa hiyo anayejifunza kwa macho hawezi kuzijua.

Na konsonanti zinazorudiwa. Pena ni adhabu au uchungu, penna ni kalamu. Anno ni mwaka, na ano ni sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu, kwa hiyo anayetaja umri wake afanye hima kuishika n ile. Wenzangu husema Mswahili hana sauti hizi. Nadhani hawajasikiliza vizuri. Sema nne. Sema mmoja. Ile n ya kwanza, ile m ya kwanza, tunaishika kidogo kabla ya kuiachia. Nilimwambia aseme mmoja, halafu mamma. Nne, halafu nonna. Baada ya hapo tukapeleka mshiko uleule kwenye t na l na k: tutto, palla, bocca. Hilo lilichukua siku nyingi zaidi, lakini lilikuwa na pa kuanzia.

Wiki kumi na mbili

Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki kumi na mbili. Tulikutana mara mbili kwa wiki. Hatukufungua kitabu. Kila kipindi kilianza na picha, naye alikuwa na kazi moja kabla ya kufungua mdomo: kwa kila kitenzi kinachomjia chenye -me-, ajiulize kama bado mtu yumo katika hali hiyo. Kama bado yumo, wakati uliopita haumhusu. Wiki za mwanzo alizungumza polepole kuliko alivyokuwa kabla ya mtihani, na alikata tamaa mara moja, akaniambia kwamba sasa anakosea hata alichokijua. Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo gharama ya kung'oa jedwali na kupanda jingine. Sikuwa na hakika kama lingeshika kwa wakati.

Nusu ya pili ya kila kipindi alisimulia jambo lililompata siku hiyo, kwanza kwa Kiswahili nikimrekodi, kisha kwa Kiitaliano. Tulisikiliza rekodi ya Kiswahili kutafuta nikisoma na nilisoma zilipopishana, tukazifuata zilezile upande wa pili. Kwa kadiri nijuavyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwomba alete Kiswahili chake darasani. Sheria ya idara ilikuwa Kiitaliano pekee tangu siku ya kwanza, kana kwamba mwanafunzi huingia akiwa na kichwa kitupu. Ninaelewa nia ya sheria ile. Bado naona ilimgharimu mwaka mzima.

Alifaulu B2. Si kwa alama za juu, na àbitano ilimtoroka mara mbili.

Mwaka wa nne

Ngazi ya C1 ilileta shida za aina nyingine, na hapa nitapita haraka. Alijua maneno ya vitabuni lakini hakuwa na yale madogo yanayobeba mazungumzo: anzi (bali), mica (hata kidogo), insomma (kwa kifupi), comunque (hata hivyo). Mwanaisimu Tullio De Mauro aliorodhesha msamiati wa msingi wa Kiitaliano wa maneno yapatayo 7,000, na kiini chake, maneno yapatayo 2,000, ndicho kinachojaza sehemu kubwa kabisa ya kila kinachosemwa. Tulirudi kwenye kiini hicho, tukisaka yale tuliyoyaruka kwa haraka ya kufika juu. Mojawapo ni magari, neno ambalo Mswahili hulisikia akafikiri habari za barabarani. Likisimama peke yake kama jibu ni laiti, ni natamani iwe hivyo. Na magari venisse ni laiti angekuja.

Pia alitikiswa aliposikiliza watu wa Napoli na wa Venezia na kuona haelewi. Alidhani amerudi nyuma. Nilimkumbusha kwamba Italia iliungana mwaka 1861, na kwa kadirio la De Mauro huyohuyo ni kama asilimia 2.5 tu ya watu wake waliojua Kiitaliano wakati huo. Wengine walizungumza lahaja zao, na lugha sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kifirenze cha waandishi wa karne ya 14. Mtu aliyesoma shuleni Kiswahili kilichosanifiwa kutokana na Kiunguja, kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928, na ambaye amewahi kusikia Kimvita au Kiamu, hana haja ya kufundishwa jambo hilo mara mbili. Alicheka, akarudi kusikiliza.

Mtihani wa C1 sikuuhudhuria. Mtahini alinisimulia kwamba mwishoni alimuuliza kama atakwenda Italia kuendelea na masomo, naye akajibu neno moja, magari, kwa mkazo uleule unaotakiwa, kisha akaeleza bila kuharakishwa kinachomzuia. Passato remoto, wakati uliopita wa masimulizi ya vitabuni, bado inamsumbua akisoma riwaya, na sauti mbili za e, iliyo wazi na iliyofumba, hazitofautishi. Kitabu cha kiada hakijabadilika. Nimechapa kurasa mbili kuhusu -me- na -li-, na kila mwaka wa kwanza unapoanza ninazigawa mkononi.